Gazi: hesabu visiki kabla ya miche

Vuka feri ya Likoni, shika barabara ya Lunga Lunga, na baada ya kilomita kama 50 kuna njia ya kushoto inayoshuka hadi kijiji cha Gazi, kaunti ya Kwale. Hakuna hoteli kubwa ya kukuelekeza. Ukisinzia kidogo baada ya Ukunda, utazindukana uko Msambweni. Ni kijiji cha minazi, nyumba za makuti na mabati, madau yaliyolala ubavu maji yakipwa, na jumba la kale la Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, yule aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 kisha akakimbilia kwa Wajerumani upande wa Tanganyika. Kelele kubwa ya mchana ni ya watoto wanaotoka shule.

Hata hivyo watafiti wanaijua Gazi kuliko miji mingi ya pwani. Tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja, wa wanakijiji wa Gazi na jirani zao wa Makongeni, unauza kredi za kaboni zinazotokana na mikoko, yaani vyeti vya hewa ukaa iliyozuiwa isiende angani. Hutajwa kuwa mradi wa kwanza wa kijamii duniani kufanya hivyo, na mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wageni wakija hupigwa picha wakipanda miche, magoti ndani ya matope. Picha hizo ndizo zimezaa kosa ninalotaka kulijadili. Zimefundisha nchi nzima kwamba mikoko huokolewa kwa kupanda, hali Gazi yenyewe inafundisha jambo jingine.

Tazama takwimu za mradi wenyewe. Eneo lake ni hekta 117, sehemu ndogo tu ya hekta 600 na ushei za mikoko ya ghuba hiyo. Katika hizo 117, hekta 107 ni msitu uliojiotea na 10 ni miti iliyopandwa zamani. Upandaji mpya uliopangwa ni hekta 0.4 kwa mwaka, yaani miche 4,000 ikiwekwa mita moja kwa mita moja. Kazi yote iliyobaki ni kuzuia panga lisiingie. Kazi hiyo haina picha nzuri, na ndiyo inayouza kredi.

Kwa nini kupanda kunapewa sifa kubwa kuliko matunda yake? Kwanza ni neno lenyewe. "Mikoko" kwetu ni msitu mzima wa maji ya chumvi, na "mkoko" ni mti mmoja tu katika msitu huo, ule wenye mizizi iliyoinama kama miguu ya buibui. Kenya ina aina tisa za miti hii, na kila moja ina kimo chake cha maji. Katika bamvua, siku za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani hii hukaribia mita 4, na ndani ya mita hizo tofauti ndogo ya mwinuko hugeuza kila kitu. Mbele kabisa, palipo na mchanga na mawimbi, husimama mlilana, mizizi yake ya kupumulia ikichomoza minene kama pembe. Nyuma yake ni mkoko wenyewe, kwenye matope laini yanayofikiwa na maji karibu kila siku. Kisha muia, kisha mkandaa wenye gome la kutia rangi nyekundu, ambao hupata maji bamvua likija. Mkomafi hupenda palipochanganyika na maji baridi ya mto. Msikundazi hukaa ukingoni mwa nchi kavu.

Mchu ndio unaowashangaza wengi. Gazi unaota pande mbili: mbele baharini ukiwa mti mkubwa, na nyuma kabisa karibu na nchi kavu ukiwa kibete kisichozidi kimo cha mtu. Mti ni uleule. Kilichobadilika ni chumvi. Huko nyuma maji hufika siku chache tu za mwezi, jua linayakausha, chumvi inabaki, na mbele kidogo unakuta jangwa tupu jeupe lisiloota hata nyasi.

Mpanga kampeni akiliona jangwa lile huona "eneo lililoharibiwa". Analeta basi la wanafunzi na miche elfu mbili ya mkoko, na baada ya miezi mitatu vimebaki vijiti vikavu. Hapakuwa na msitu pale hata siku moja. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: kupanda kwenye tope tupu la mbele, chini ya kiwango ambacho mikoko huweza kuishi, kwa sababu ndiko kuna nafasi na hakuna mwenyewe wa kuuliza. Mche unakaa ndani ya maji saa nyingi mno kwa siku. Vikombe vidogo vya chokaa, vile vinavyoshika chini ya mashua, vinaushika shina, vinauongezea uzito, na wimbi linaumalizia. Mara nyingine tope lile ndilo malisho ya nyasi za bahari, tafi na pono wanakokula. Mpandaji amelima shamba la mwenziwe.

Mikoko ya ghuba ya Gazi iliyopandwa ikakua haikupandwa hivyo. Miaka ya 1970 sehemu kubwa ya mkoko ilifyekwa kwa kuni za viwandani, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa taasisi ya serikali ya bahari na uvuvi, KMFRI, wakiongozwa na James Kairo, walirudisha miti palepale palipokuwa na visiki vyake. Kisiki ndicho kilichowaambia kimo cha maji. Ukiona visiki vya mkoko, panda mkoko. Ukiona vya mlilana, usilete mkoko kwa sababu tu mbegu yake ni rahisi.

Na kwa kweli ni rahisi, na hapo ndipo mtego ulipo. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini, ikaning'inia kama rungu la kijani lenye urefu wa sentimita 40 au zaidi. Iliyokomaa huonyesha shingo ya njano palipoungana na tunda, na ukiivuta kidogo inaachia. Ikigoma, iache. Kagua matundu ya wadudu, kisha zihifadhi kivulini wiki moja hivi zikiwa na unyevu, kwa sababu kaa wadogo wa matopeni hupenda mbegu mbichi na huzichukia zilizonyauka kidogo. Chomeka ncha yenye mzizi chini, kiasi cha sentimita 7 hadi 10 kulingana na ulaini wa tope. Ukiigusisha tu juu juu, inang'olewa. Ukiizamisha nusu nzima, kichipukizi kinakosa hewa. Chagua siku ambazo bamvua linalegea kuelekea maji mafu, yale yasiyopanda wala kushuka sana, ili mizizi ipate siku kadhaa za utulivu. Ndiyo basi. Mtoto wa miaka kumi anaweza.

Mlilana haukupi raha hiyo. Tunda lake la duara lenye nyota ya kijani shingoni lina mbegu nyingi ndogo ndogo. Lazima liloekwe mpaka lioze, mbegu zioshwe, zipandwe kwenye kitalu kinachofikiwa na maji, kisha miche ilelewe miezi kadhaa kabla ya kutolewa. Mbegu za mchu huelea na zinahitaji kupumzika mahali pasipochukuliwa na maji. Kwa hiyo kampeni nyingi hupanda mkoko kila mahali, hata palipokuwa na mlilana unaovunja mawimbi. Mche ukiletwa kwenye mfuko wa plastiki, mfuko haukatwi au hutupwa pale pale, na msitu unabaki na taka.

Hesabu ya miche nayo ina kasoro yake. Serikali imetangaza lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na kila idara inataka kuchangia. Mche huhesabiwa siku ya kupandwa. Sijaona bango la kuhesabu miche iliyo hai baada ya kusi mbili. Kipimo cha haki kingekuwa hicho, maana kusi ya Juni na Julai ndiyo inayosomba mchanga na kuufukia au kuuacha mche mizizi nje.

Tuje kwenye visiki. Mtu akisimama kwenye daraja la mbao la kina mama wa Gazi, lile linalopita juu ya matope katikati ya miti, ataona kijani pande zote na kuridhika. Setilaiti nayo ingemwambia hivyo hivyo. Lakini mkataji wa mikoko hafyeki msitu, anachagua. Soko la ujenzi lina majina yake tangu zama za majahazi yaliyopeleka boriti Arabuni: fito za kufunga ukuta, pau zenye unene wa sentimita 4 hadi 8, mazio hadi kama 11, boriti karibu 12 hadi 14, kisha nguzo, na juu yake banaa. Huuzwa kwa korja, miti ishirini ishirini. Kinachotakiwa zaidi ni mazio na boriti, na sharti mti uwe umenyooka.

Matokeo yake ni msitu wenye miti mingi na mbao chache. Iliyonyooka imeondoka, iliyopinda imebaki na ndiyo inayozaa mbegu. Majani yanafunika pengo ndani ya miaka michache, na anayehesabu hekta haoni kilichotoweka. Inama uchungulie chini, hesabu visiki katika kipande cha mita kumi kwa kumi, utofautishe vyeusi vilivyooza na vyekundu vya juzi. Chekundu ukikigusa bado kina unyevu na utomvu wa rangi ya kutu unaotia madoa vidoleni. Vipande kama hivyo ishirini, vikirudiwa kila mwaka mahali palepale, vinaeleza hali ya msitu kuliko ripoti yenye ramani ya rangi.

Kuna sababu nyingine ya kuogopa kisiki cha mkoko. Mchu ukikatwa huchipua tena, mlilana vilevile. Mkoko hauchipui. Ukate shina lake chini ya majani, mti mzima umekufa, na mizizi yake inayoshika tope inaanza kuoza. Sehemu kubwa ya kaboni ya msitu huu haipo kwenye shina. Imo kwenye tope, imefukiwa kwa karne nyingi pasipo hewa. Mizizi ikilegea, jua na hewa vikiingia, tope lile linaanza kurudisha angani lilichokihifadhi. Mche wa leo hauwezi kulipa deni hilo katika maisha ya aliyeupanda.

Sasa fedha. Mradi huu umeruhusiwa kuuza takribani tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, sawa na tani 25 au 26 kwa hekta. Mapato ya miaka ya mwanzo yalikuwa dola elfu kumi na kadhaa kwa mwaka. Gazi na Makongeni zina watu zaidi ya 5,000. Igawe fedha hiyo kwa vichwa, hakuna atakayepata hata dola tano. Anayekwenda vijijini akihubiri kwamba kaboni itatajirisha watu anawadanganya, na wakishagundua watashika panga kwa hasira.

Gazi haikugawa kwa vichwa. Fedha ilikwenda kwenye maji ya bomba, vitabu na ukarabati wa shule, baada ya watu kujadiliana barazani. Busara ya uamuzi huo ni kwamba faida ya msitu inaonekana kila asubuhi kwenye ndoo ya mtu asiyekata mti wala kuuza samaki. Mkata boriti anajua jirani yake anajua maji yanatoka wapi. Ulinzi wa namna hiyo hauna mshahara, na walinzi wachache wanaolipwa wasingetosha hekta 117 zenye vichochoro vya maji kila upande. Lakini una udhaifu wake pia: bomba likikauka miezi miwili kwa sababu ya pampu, msitu nao umepoteza wakili. Kwa hiyo fundi wa pampu ni sehemu ya uhifadhi, na bajeti ya spea zake inapaswa kuandikwa kabla ya bajeti ya sherehe.

Bado kuna swali ambalo maji hayalijibu. Nyumba itajengwa na nini? Ukuta wa udongo unahitaji fito, paa la makuti linahitaji pau, na jungu la harusi linahitaji kuni inayoshika moto. Kuni ya mkoko huwaka kwa joto kali na polepole. Haina mshindani wa bei hiyo. Ukifunga msitu mmoja bila kutoa mbadala, mkataji atavuka tu hadi msitu wa pili, na katika ghuba hii kuna hekta karibu 500 zilizo nje ya mradi. Ndiyo maana mpango wa Gazi ulikuwa na mashamba ya mvinje tangu mwanzo. Mvinje hukua haraka kwenye mchanga, hunyooka, na hutoa pau ndani ya miaka michache. Kasoro yake fundi yeyote ataitaja: mchwa wanaupenda, na ukichimbiwa ardhini hauvumilii kama mkoko. Kwa paa unafaa. Kwa nguzo unahitaji dawa au msingi wa saruji. Mradi unaogawa miche ya mvinje bila kueleza hayo humrudisha mjenzi kwenye boriti ya zamani baada ya nyumba ya kwanza kuinama.

Marufuku peke yake imeshajaribiwa. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, usafirishaji wa boriti nje ulipigwa marufuku 1982, na Februari 2018 ukataji katika misitu ya umma ulisimamishwa nchi nzima, hata Lamu yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya nchi na wakataji wenye leseni. Mwenye leseni alitii. Asiye nayo alipata soko lisilo na mshindani. Kuna haki ya kuulizia kama leseni chache zenye hesabu ya visiki si bora kuliko katazo lisilo na macho, na jibu langu ni kwamba ni bora, palipo na kikundi cha kijiji chenye mkataba wa kusimamia msitu pamoja na shirika la misitu.

Vitisho vingine Gazi haiwezi kuvimaliza barazani. Mito miwili, Mkurumudzi na Kidogoweni, huleta ghubani maji baridi na udongo. Mkurumudzi una bwawa lililojengwa kwa ajili ya uchimbaji wa titaniamu, na kandokando yake kuna mashamba. Maji baridi yakipungua, chumvi hupanda hadi kwenye mkomafi na muia. Udongo ukizidi, huziba mizizi ya kupumulia, kama mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilivyoua mikoko mingi kwenye mkono wa Mwache karibu na Mombasa. Mililana ya ghuba ina wadudu wanaotoboa matawi hadi ncha zikauke. Ng'ombe na mbuzi nao hushuka kula majani ya mchu msimu wa kiangazi. Kikundi cha kijiji kinaweza kumfunga mbuzi. Bonde zima la mto si lake.

Sheria mpya ya kaboni inaweza kusaidia. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2023 yanataka miradi ya ardhini iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato, baada ya gharama. Kwa kampuni kubwa inayokodi maelfu ya hekta za malisho, hicho ni kinga. Kwa mradi mdogo ambao jamii ndiyo yenyewe, hatari ni karatasi: usajili, ukaguzi, makubaliano ya maendeleo, kila kimoja na ada yake, vyote vikitoka kwenye fungu lile lile la dola elfu kumi na kadhaa. Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, wameanzisha mradi wao wa zaidi ya hekta 400 kwa mfano wa Gazi, na ukubwa huo unawasaidia kubeba gharama. Vijiji vyenye hekta 50 haviwezi peke yake. Ni afadhali viungane chini ya cheti kimoja, kila kijiji na akaunti yake, kuliko kila mmoja kumlipa mkaguzi wake kutoka ng'ambo.

Kipindi cha kwanza cha mradi wa Gazi ni miaka 20. Mche uliopandwa 2013 kwa nafasi ya mita moja, ukipona, utakuwa wa kupunguzwa kabla ya muda huo kwisha, kwa sababu miti ikisongamana hunyang'anyana mwanga na yote hubaki myembamba kama fito. Nani ataruhusiwa kuikata hiyo ya ziada, kwa korja ngapi, na fedha iende wapi? Mikataba mingi ya mikoko niliyoiona haina kifungu cha kupunguza miti, na mwenye panga hatangoja kiandikwe.